Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuanza Mazoezi ya Mifupa

Mwanamke akivuka miaka 50, kila mtu humwambia afanye mazoezi: daktari wa presha, binti yake, hata jirani anayekimbia na kikundi kila Jumamosi asubuhi. Wote wako sahihi. Ila ni nadra kwa mmoja wao kumuuliza kwanza mifupa yake iko katika hali gani, na swali hilo ndilo linalotangulia, kwa sababu zoezi linaloujenga mfupa wa huyu laweza kuuvunja wa yule.

Osteoporosisi, yaani mifupa kupungua uzito na kudhoofika kwa ndani, haiumi. Mtu hana homa wala uvimbe, mpaka siku anateleza bafuni, anaanguka, na kuinuka hawezi. Panapovunjika mara nyingi ni nyonga, kifundo cha mkono na pingili za uti wa mgongo. Za mgongo ndizo zenye hila: nyingine hubonyea zenyewe bila mtu kuanguka. Bibi anazidi kuwa mfupi, mgongo unapinda, nasi tunasema ni uzee tu.

Kwa hiyo kabla ya kununua raba, kaa chini ujihoji. Je, tangu ufikishe miaka 50 umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, ukiwa umesimama au unatembea? Kimo chako kimepungua sentimita 4 au zaidi ukilinganisha na ujana wako? Mama au baba yako alivunjika nyonga? Hedhi ilikoma kabla ya miaka 45? Swali hili lina uzito, kwa sababu homoni ya estrojeni ndiyo inayozuia mfupa kuliwa ovyo, na miaka michache ya kwanza baada ya hedhi kukoma ndiyo mfupa hupungua kwa kasi. Wanaume nao wasijitoe. Wao huchelewa tu.

Kisha angalia dawa. Predinisoloni kwa miezi 3 au zaidi, kwa ajili ya pumu au baridi yabisi, hudhoofisha mifupa. ARV zenye tenofovir hupunguza uzito wa mfupa kiasi, hasa mwanzoni mwa matibabu. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi 3 nayo hupunguza, ingawa kwa kawaida mfupa hurudi mtu akiiacha. Sisemi mtu aache dawa. Ukiacha ARV kwa kuhofia mifupa utakuwa umekimbia mvua ukaingia mtoni. Mwambie daktari tu, ajue anamshauri nani.

Kipimo cha uzito wa mfupa kinaitwa DEXA, na hutumia eksirei kidogo sana. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, alama ya -2.5 au chini yake, mfupa wako ukilinganishwa na wa kijana mwenye afya, ndiyo osteoporosisi. Mashine hizi kwetu ni chache na ziko miji mikubwa, lakini kukosa kipimo si sababu ya kukaa kitako. Ukijibu “ndiyo” kwa swali hata moja kati ya hayo ya juu, anza na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) kabla ya mwalimu wa mazoezi.

Sasa zoezi gani? Mfupa ni kitu hai, hujijenga kufuatana na mzigo unaobebeshwa. Wanaanga, ambao huko juu miili yao haibebi uzito wowote, hupoteza takriban asilimia 1 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Ndiyo maana kuogelea na baiskeli, pamoja na uzuri wake kwa moyo, haviufai sana mfupa. Kutembea kunasaidia, ila peke yake hakutoshi, maana mwili umeshakuzoea. Kinachouamsha mfupa ni kuinua vitu vizito na mishindo ya kurukaruka. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa hafifu, wakainua vyuma vizito nusu saa, mara 2 kwa wiki, kwa miezi 8. Mifupa ya mgongo wao wa chini iliongezeka uzito. Habari hii hupendwa sana kusimuliwa, lakini wasimulizi huruka jambo moja: walikuwa wakisimamiwa na mtaalamu kila kipindi.

Nyumbani anza kidogo. Inuka na kuketi kitini bila kushika popote. Panda ngazi. Inua vidumu viwili vya maji, ukiongeza maji kila wiki. Simama kwa mguu mmoja karibu na meza, ili ukiyumba uishike. Hili la kusimama bila kuyumba wengi hulidharau, kumbe anayeanguka mara chache huvunjika mara chache.

Pa kuwa makini zaidi ni kuinama. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, watafiti wa Kliniki ya Mayo, Marekani, waliwafuatilia wanawake 59 waliokuwa na osteoporosisi ya mgongo. Kati ya waliofanya mazoezi ya kukunja mgongo kwa mbele, asilimia 89 walipata mivunjiko mipya ya pingili. Kati ya waliofanya ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, asilimia 16. Kundi lilikuwa dogo, lakini tofauti hiyo si ya kupuuza. Kwa hiyo mwenye mifupa hafifu asiguse vidole vya miguu, na asilale chali akajikunja kuinua kiwiliwili, hata kama mwalimu anapiga filimbi na wenzake wote wanafanya.

Na kuinama kwetu hakuko mazoezini tu. Kuko kwenye fagio la chelewa, kwenye beseni la nguo lililo chini, kwenye jembe la mpini mfupi. Mtu anajihadhari nusu saa asubuhi, halafu anafagia uwanja mzima amejikunja. Fagio litiwe mpini mrefu, beseni liwekwe juu ya meza, na kitu cha chini kiinuliwe kwa kukunja magoti. Ndoo ya lita 20 kichwani ni mzigo mzuri kwa mifupa ya kijana. Kwa mama ambaye pingili zimeshabonyea, ni kilo 20 zinazoshuka juu ya palepale palipo dhaifu. Anayeswali naye, mgongo ukiwa umeharibika, asione haya kuswali kitini. Ruhusa ipo.

Chakula nacho kiandaliwe. Mwanamke wa zaidi ya miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalisi, madini yanayojenga mfupa, kwa siku, na kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina tunayoidharau kwa sababu ni rahisi. Mchicha una kalisi, lakini una oksaleti inayoizuia kuingia mwilini. Kwa hilo sukuma wiki inaushinda. Vitamini D huja na jua, kwa hiyo anayeshinda ndani, au anayejifunika mwili wote akitoka, aulizie vidonge. Mwenye tatizo la figo asinunue kalisi dukani bila ushauri.

Kagua na nyumba: ndala zilizolika, mkeka unaoteleza, njia ya chooni isiyo na taa. Kama dawa za presha hukupa kizunguzungu, keti kitandani kwanza kabla ya kusimama.

Mwisho, waambie watu wa nyumbani mapema: maumivu ya ghafla ya mgongo, yakija baada ya kuinua kitu au hata kukohoa kwa nguvu, yasipelekwe kwa mkandaji. Mgongo usikandwe wala kunyooshwa mpaka eksirei ipigwe.