Kabla hujaenda kufanya mtihani wa pikipiki kubwa Uingereza

Hii ni kwa ndugu zetu mliofika Uingereza na uzoefu wa miaka ya bodaboda, mkadhani Moduli ya 1, yaani sehemu ya kwanza ya mtihani wa vitendo, ile ya uwanjani (Moduli ya 2 ni ya barabarani), ni ya kupita tu. Kuendesha mnajua, hakuna anayebisha. Lakini mtahini hapimi unachojua, anapima alichokuagiza.

Makaratasi kwanza: leseni ya muda na cheti cha CBT, yaani mafunzo ya msingi ya lazima. Viweke kwenye koti usiku wa kuamkia mtihani, maana ukivisahau unarudishwa na ada hairudi. Angalia pia tarehe ya kufaulu nadharia. Cheti chake kinadumu miaka 2 tu, na moduli zote mbili ziwe zimekwisha ndani ya muda huo.

Mavazi: buti, glavu, koti na suruali nzito. Usiende na raba na trakisuti.

Kwa leseni ya A, ile ya pikipiki za ukubwa wowote, ambayo ukifikisha miaka 24 unaweza kuiendea moja kwa moja, pikipiki ya petroli isipungue 595cc na kilowati 50. Za shule nyingi zinakaribia kilo 200. Boxer ikikuelemea unaizuia kwa goti. Hili dude likishaanza kulala, limelala. Kwa hiyo jizoeze kulisukuma injini ikiwa imezimwa, kinyumenyume, kutoka kisanduku kimoja cha kuegesha hadi kingine, kwa sababu mtihani unaanzia hapo. Na ufanye mazoezi kwa pikipiki ileile utakayotahiniwa nayo. Shule ikikubadilishia asubuhi ile, lalamika.

Kwenye kupenya kati ya koni, kwenye kuzunguka namba nane na kwenye kugeuza, shika klachi nusu, eksileta ndogo isiyobadilika, na breki ya nyuma. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekunjwa. Kabla ya kugeuza, geuza kichwa uangalie nyuma juu ya bega, hata kama uwanja mzima ni wewe na mtahini tu. Mguu usiguse chini.

Sasa spidi. Hapa nisikilize vizuri.

Kuna jamaa yetu, dereva wa boda wa Mwanza, mtu wa kupenya kwenye foleni bila kugusa kioo cha mtu. Koni zote alizimaliza safi. Ikaja breki ya dharura: unazunguka kona, unapita kwenye kipimo cha spidi kwa kilomita 50 kwa saa au zaidi, mtahini anainua mkono, unasimama. Pikipiki za huku zinaonyesha maili, na kilomita 50 ni maili 31 na ushee. Akaibana kwenye 31, akapita. Kipimo kikasoma 47.

Hakuna aliyemwibia. Spidomita hairuhusiwi kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, hivyo watengenezaji huiacha izidishe kidogo. Ile 31 ya kwenye dashibodi ilikuwa 29 barabarani.

Akapewa nafasi nyingine. Safari hii akatoka kwenye kona macho yakiwa kwenye mshale, si mbele. Spidi aliipata, tena ya kutosha, ila mkono wa mtahini aliuona umeshainuka. Akakamata breki ya mbele yote pikipiki ikiwa bado imelalia upande. Gurudumu likateleza, akaenda chini nayo. Mwili salama, mtihani kwisha, na kishikio cha klachi kilichovunjika shule ikamtoza yeye. Kinachoniuma ni kwamba huko Mwanza spidomita yake ilikuwa mbovu miaka yote na alikuwa anaenda kwa sikio.

Basi fanya hivi: mazoezini, gia ya pili, ipandishe hadi 35 kwenye dashibodi, usikilize mlio wa injini mpaka uuzoee. Siku ya mtihani fuata ule mlio, macho mbele. Ongeza mwendo mara tu unapotoka kwenye kona, usingoje kufika kwenye kipimo. Ukiambiwa simama, nyoosha pikipiki kwanza, ndipo ukamate breki. Kwenye kukwepa kizuizi ni hivyohivyo: kwepa, nyooka, halafu breki.

Mvua ikinyesha mtihani unaendelea, kwa hiyo fanya mazoezi kwenye maji pia. Kula kitu. Usilipie Moduli ya 2 ya wiki hiyohiyo kabla hujafaulu hii. Ukifeli unasubiri angalau siku 3 za kazi, na nafasi za karibu hazipatikani kirahisi. Ukifaulu, cheti chake utakihitaji Moduli ya 2, usikipoteze. Na mtu asikuazime 600 yake jioni hiyo kwa kukupongeza: bado huna leseni yake, na bima haitakutambua.