Kuzalisha samaki malaika nyumbani: kutoka jozi hadi vifaranga

Samaki malaika hutaga bila kubembelezwa sana. Wapate wawili walioshibana, maji ya uvuguvugu na chakula cha kutosha, na mayai utayaona. Ugumu unaanza vifaranga wanapoanza kuogelea, kwa sababu wanataka chakula hai siku hiyohiyo, na wengi hufa kwa kuwa mwenye tangi alianza kukitafuta akiwa amechelewa. Kwa hiyo soma hatua zote kwanza, na mayai ya atemia (uduvi wadogo sana wa maji ya chumvi, ambao ndio chakula hai chenyewe) yawe ndani ya nyumba kabla ya jozi yako kutaga.

Hatua ya 1: Pata jozi

Dume na jike ni vigumu kuwatofautisha kwa macho hadi siku za kutaga, mrija mdogo unapochomoza chini ya tumbo. Wa jike ni mnene na butu. Wa dume ni mwembamba na umechongoka. Njia ya uhakika ni kununua wadogo sita au wanane, kuwakuza pamoja na kuwaacha wachaguane wenyewe. Wengi hupevuka wakiwa na umri wa kati ya miezi 8 na mwaka mmoja. Ukiona wawili wameteka kona moja na wanawafukuza wengine wote, hao ndio jozi. Angalizo: majike wawili nao huweza kushirikiana na kutaga. Mayai yakigeuka meupe yote, tena na tena, shuku hilo.

Hatua ya 2: Tangi la kutagia

Lita 80 zinatosha jozi moja, ila kimo kizidi sentimita 40, kwani samaki hawa ni warefu kwenda juu. Acha sakafu tupu, bila changarawe. Tumia chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, ambalo limeshafanya kazi wiki kadhaa kwenye tangi lenye samaki. Bakteria waliojijenga ndani yake ndio wanaoondoa amonia.

Joto liwe nyuzi 27 hadi 28, pH (kipimo cha uasidi wa maji) kati ya 6.5 na 7, maji yawe laini, yaani yenye madini machache, na yasiwe na klorini. Katika maji ya bonde la Amazon, wanakotoka, hutaga juu ya majani mapana na mashina yaliyozama, kwa hiyo waegemezee bamba la sleti au kipande cha bomba la plastiki kilichosimama wima. Walishe vizuri, badilisha robo ya maji mara mbili kwa wiki, na tangi likae mbali na pilikapilika.

Hatua ya 3: Mayai

Kwanza watalisafisha bamba kwa midomo. Kisha jike hupita akibandika mayai mstari kwa mstari, na dume humfuata nyuma akiyarutubisha. Mayai yanaweza kufika mia kadhaa.

Hapa kuna uamuzi. Wazazi wapya mara nyingi huyala mayai yao. Mimi huwaachia mayai ya mwanzo wajifunze kulea, kwa sababu jozi inayolea watoto wake ni jambo zuri mno kulitazama. Lakini kama lengo ni kupata vifaranga wengi, yatoe. Hamishia bamba upesi kwenye chombo cha lita 10 hadi 20 chenye maji ya tangi lilelile na joto lilelile. Weka jiwe la hewa (kijiwe cha kutoa mapovu kinachounganishwa na pampu) kando ili maji yapite juu ya mayai bila kuyapiga kwa nguvu, na utie methilini ya buluu kwa kipimo cha maelekezo ya chupa ili kuzuia ukungu. Mayai mazima hubaki angavu. Yaliyokufa huwa meupe.

Hatua ya 4: Kuanguliwa

Kwenye nyuzi 28 huanguliwa baada ya saa 60 hivi. Utaona vimkia vikitikisika huku vichwa vimenata kwenye bamba. Usiwalishe chochote: wanaishi kwa kifuko cha kiini tumboni. Punguza dawa kwa kubadilisha maji kidogo kidogo. Siku ya nne au ya tano baada ya kuanguliwa wataanza kuogelea.

Hatua ya 5: Atemia

Usingoje waogelee. Wakikaribia, anza kuangua atemia. Kwenye chupa yenye lita moja ya maji weka gramu 25 za chumvi na nusu kijiko cha chai cha mayai ya atemia. Peleka hewa kwa nguvu, joto liwe kama la tangi, na taa iwake karibu. Baada ya saa 24 hadi 36 zima hewa na usubiri dakika kumi. Maganda huelea; walio hai hushuka chini, wakionekana kama vumbi la rangi ya chungwa. Wavute kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa laini, na uwasuuze chumvi kabla ya kuwalisha.

Tumia chupa mbili kwa zamu, maana atemia hupungukiwa virutubisho kadiri saa zinavyopita. Kiini cha yai la kuku sikipendekezi: kinachafua maji kuliko kinavyolisha.

Lisha kidogo mara tatu au nne kwa siku. Baada ya dakika chache matumbo yanapaswa kuwa ya rangi ya chungwa. Ambaye tumbo lake halibadiliki hajala. Usiku acha mwanga hafifu.

Hatua ya 6: Maji masafi

Atemia hawaishi muda mrefu katika maji yasiyo na chumvi, na wakifa huoza. Nyonya mabaki kila siku kwa mpira mwembamba, na ubadilishe theluthi moja ya maji kwa mengine ya joto lilelile. Wakishaogelea, waongezee chujio la sponji lililokomaa.

Umbo la malaika huonekana baada ya wiki tatu au nne. Hapo wagawe kwenye matangi makubwa zaidi, kwa sababu msongamano na uchafu hudumaza mapezi, na yakishadumaa hayarekebishiki. Anza kuwazoesha chakula kikavu kilichosagwa, ukikitoa kabla ya atemia wakiwa bado na njaa. Wenye mapezi yaliyopinda au mifuniko ya mashavu isiyofunga wanaweza kufugwa kama kawaida, ila usiwachague kuwa wazazi.