Jinsi ya kuchora nani anamjibu nani mtandaoni kwa Excel na NodeXL

Watu wengi wakitaka kujua nani ana nguvu kwenye mjadala wanaangalia idadi ya wafuasi tu, na hapo ndo wanapotea, maana mtu anaweza kuwa na wafuasi kibao na kwenye mjadala wenyewe hakuna anayemjibu. Angalia nani anamjibu nani. Hiyo unaichora mwenyewe bila kuandika kodi ya kompyuta hata mstari mmoja.

Programu ni NodeXL, inakaa ndani ya Excel ya Windows. Ukifungua faili lake utakuta shiti ya Edges, yaani miunganiko kati ya watu, kolamu mbili za mwanzo zinaitwa Vertex 1 na Vertex 2, kazi yote inaanzia hapo. Kushoto weka akaunti iliyoandika, kulia aliyejibiwa au aliyetajwa, kila jibu na mstari wake. Halafu kwenye Type, juu kwenye menyu ya NodeXL, chagua Directed, yaani wenye mwelekeo, usiliruke hili, Asha kumjibu Juma sio sawa na Juma kumjibu Asha.

Data yenyewe usitegemee itakuja kirahisi, mitandao imebana sana siku hizi, Twitter yenyewe, sasa inaitwa X, ilifunga njia ya bure ya kuvuta posti kwa wingi mwaka 2023. Kama mjadala ni mdogo we andika kwa mkono tu, inachosha ila unausoma vizuri zaidi.

Sasa usafi. Ukiandika @juma mahali pengine na juma mahali pengine, programu inahesabu watu wawili, na mchoro wote unakuwa uongo. Rekebisha majina kwanza, ndo uende Prepare Data uunganishe mistari iliyojirudia, itakuwekea kolamu ya uzito yaani wamejibizana mara ngapi.

Kabla hujachora chochote nenda Graph Metrics. In-Degree inakwambia mtu kajibiwa au katajwa na wangapi, Out-Degree yeye kawafikia wangapi. Ila mi ninayoipenda ni Betweenness Centrality, kipimo alichokieleza mwanasosholojia Linton Freeman mwaka 1977, kinaonyesha mtu aliyekaa katikati ya njia fupi za wengine, yani daraja. Mara nyingi unakuta ni akaunti ndogo ambayo hakuna anayeiwaza, ila ukiitoa tu makundi mawili hayafikiani tena. Panga kolamu hiyo kuanzia kubwa, uwasome mmoja mmoja wameandika nini.

Baada ya hapo Groups, chagua Clauset-Newman-Moore, ni njia ya kutafuta makundi ya wanaojibizana sana, itagawa watu kwa rangi. Ndo uchore sasa, kila mtu anakuwa duara na kila jibu uzi, mpangilio wa Fruchterman-Reingold unatosha, na kwenye Autofill Columns ukubwa wa duara uufunge na Betweenness. Ukiona mafungu mawili mazito yenye nyuzi chache kati yao, watu wanaongea wenyewe kwa wenyewe. Ukiona wengi wameelekea kwa mmoja na hawajibizani, huyo anatangaza tu. Aliye juu au chini ya picha hamaanishi chochote jamani, ukichora upya anahama.

Na kabla hujamtumia mtu hiyo picha, nenda shiti ya Vertices, yenye orodha ya watu, kolamu ya Label, watu wa kawaida waandike A1, A2, A3, kwa sababu mchoro huu unaanika nani yuko karibu na nani na wao hawajakuruhusu. Excel yenye majina halisi usiiambatanishe.