Namna ya Kusoma Utafiti wa Kisayansi Kuhusu Ukoma

Mwanafunzi aliyeketi katika maktaba ya Chiromo hapa Nairobi, akiwa na makala ya kitaalamu kuhusu ukoma mezani, kwa kawaida hukimbilia hitimisho. Ninamshauri aliache kwanza, afungue sehemu ya mbinu, na aulize: bakteria waliochunguzwa walipatikana wapi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu bakteria wa ukoma, Mycobacterium leprae, ambaye daktari Gerhard Armauer Hansen alimtambua huko Bergen, Norway, mwaka 1873, hajaweza kuoteshwa katika sahani ya maabara hadi leo. Hansen mwenyewe alikwama hapo: aliwaona bakteria kwa hadubini, lakini hakuweza kuwakuza ili athibitishe kuwa ndio chanzo cha maradhi, na mwaka 1879 alimdunga mgonjwa jichoni bila idhini yake, kitendo kilichomfikisha mahakamani.

Ukikuta bakteria wamekuzwa katika nyayo za panya, mbinu iliyotangazwa na mtafiti Charles Shepard mwaka 1960, kagua muda wa jaribio. Bakteria huyu huchukua takribani wiki mbili kugawanyika mara moja, kwa hiyo jaribio la majuma machache halitoshi kuonyesha kama dawa imemzuia. Wakiwa wametoka kwa armadilo, mnyama wa bara la Amerika anayefanana kidogo na kakakuona wetu ingawa si wa ukoo mmoja naye, tarajia uchunguzi unaohitaji bakteria wengi. Mwili wa mnyama huyo una joto la chini kuliko wetu, na bakteria wa ukoma hupenda ubaridi. Ndiyo maana hata kwa binadamu huathiri zaidi ngozi, pua, masikio na neva zilizo karibu na ngozi, ambako huingia katika seli za Schwann, yaani seli zinazozifunika neva.

Makala ya jenomu, yaani jumla ya maelezo ya kijenetiki ya kiumbe, huhitaji utulivu zaidi. Jenomu ya Mycobacterium leprae iliyochapishwa mwaka 2001 ilionyesha jeni zipatazo 1,600 zinazofanya kazi, na nyingine zaidi ya 1,100 zilizokwisha kufa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu wa somo hili, kwani bakteria aliyepoteza uwezo mwingi kiasi hicho hana budi kuishi ndani ya seli za mwingine. Hakikisha pia spishi iliyotajwa, kwa kuwa tangu mwaka 2008 inajulikana nyingine inayosababisha ukoma, Mycobacterium lepromatosis.

Mwandishi akizungumzia urithi, tenganisha mambo mawili: ukoma haurithiwi, ila wepesi wa mtu kuambukizwa huweza kuathiriwa na jeni zake. Akieleza maambukizi kwa kutegemea kumbukumbu za wagonjwa, kumbuka kwamba dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, na wakati mwingine 20.

Sasa rudi kwenye hitimisho, na ukiwa na kalamu ya risasi, pigia mstari kila dai ambalo sampuli uliyoisoma haiwezi kulibeba.