Jinsi ya kusoma barua ya mafunjo: Hilarion, Alis na jalala la Oxyrhynchus

Nyaraka tutakazotumia zilitoka jalalani. Mwishoni mwa 1896 Waingereza wawili, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walianza kuchimba vichuguu vya takataka vya mji wa Oxyrhynchus, Misri, mahali panapoitwa leo el-Bahnasa. Mvua ni haba kule, mchanga mkavu, kwa hiyo karatasi za mafunjo (matete ya Nile) zilizotupwa na watu wa kale zilidumu: risiti, mikataba, mashtaka, barua za nyumbani. Hapa ndimo anamoonekana mtu ambaye hakuna mwandishi wa historia aliyejisumbua kumtaja.

1. Chukua hati moja, fupi. Fungua tovuti ya papyri.info, ni bure, utafute P.Oxy. 4 744. Maana yake ni juzuu ya 4 ya nyaraka za Oxyrhynchus, hati namba 744: barua ambayo mtu aitwaye Hilarion alimwandikia Alis kwa Kigiriki. Hujui Kigiriki? Anza na tafsiri, lakini maandishi ya asili yawe wazi pembeni.

2. Soma alama kabla ya maneno. Mabano ya mraba yanaonyesha palipotoboka au kuliwa, na kilichomo ndani ni kazi ya mhariri. Mabano ya duara ni kifupisho kilichokamilishwa. Nukta chini ya herufi ina maana herufi hiyo haionekani vizuri. Usiipuuze hatua hii. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika ukurasa mzima juu ya neno moja, kumbe lote lilikuwa ndani ya mabano ya mraba. Nilikuwa nabishana na mhariri, si na Mmisri yeyote.

3. Tafuta tarehe na upande wa dunia. Barua yetu inaishia hivi: mwaka wa 29 wa Kaisari, tarehe 23 ya Payni, mwezi wa Kimisri. Kaisari huyo ni Augusto, mtawala wa Roma, ambaye miaka yake Misri inahesabiwa tangu 30 K.K., kwa hiyo tumefika Juni 17, mwaka 1 K.K. Hilarion yuko Alexandria, na anaahidi kutuma pesa "juu". Juu ni kusini, kwa kufuata Nile kuelekea inakotoka. Ukisoma kwa ramani ya ukutani utampoteza.

4. Wajue watu, polepole. Hilarion anamsalimu Alis "dada yake", kisha "bibi yangu" (neno la heshima) Berous na Apollonarion. Hapo wageni wengi huteleza. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu, maana anajua kwamba "dada" si lazima awe wa tumbo moja. Katika barua za Misri ya kale mke huitwa dada. Ndoa za ndugu pia zilikuwepo. Barua hii peke yake haituambii ni lipi kati ya hayo mawili. Andika "mke wake, yaelekea" na uendelee.

5. Sentensi inayochoma iache mwisho. Hilarion anamwambia Alis asihangaike wenzake wakirudi yeye akabaki. Amtunze mtoto mdogo; wakishalipwa ujira tu, atamtumia pesa. Kisha: ukijifungua, akiwa wa kiume mwache, akiwa wa kike mtupe. Na mara baada ya hapo: ulimwambia Aphrodisias kwamba nisikusahau, nitakusahauje?

Watu hunukuu mstari wa kutupa mtoto na kufunga kitabu. Mimi nakataa. Kwanza, Hilarion hapazi sauti pale. Analisema katikati ya habari za ujira na salamu, na huo utulivu ndio unaopaswa kukushtua. Pili, "kutupa" kulikuwaje? Barua haijibu. Itabidi uende kwenye hati nyingine.

6. Iweke hati kando ya hati. Fungua P.Oxy. 1 37, kumbukumbu ya kesi ya mwaka 49 B.K. Pesouris aliokota mtoto jalalani, akamkabidhi mwanamke aitwaye Saraeus amnyonyeshe kwa malipo. Baadaye ukazuka ugomvi: Saraeus anasema yule wa kuokotwa alikufa na huyu aliye hai ni wake, upande wa Pesouris unasema sivyo. Mwamuzi alimtazama mtoto, akamwona anafanana na Saraeus. Akaamua kwamba mama na mumewe wakiapa kwa maandishi kuwa yule mwingine amekufa, na akirudisha fedha alizopokea, atabaki na mwanawe.

Sasa rudi kwa Hilarion. Aliyetupwa jalalani aliweza kuokotwa, akalelewa, mara nyingi akawa mtumwa. Na yule wa Pesouris alikuwa wa kiume, kwa hiyo kanuni ya "wa kiume abaki" haikufuatwa na kila nyumba. Ukatili haukupungua, ila sasa unajua mtoto angeweza kuangukia mikononi mwa nani.

7. Gawa daftari mara mbili. Kushoto andika yale hati inayosema, kulia yale unayodhani. Kwa barua hii, kushoto kwangu kuna mistari michache: yuko Alexandria, ujira bado, Alis anaelekea kujifungua. Kulia kuna ukurasa na nusu. Kama Alis alizaa, na alichozaa, sina pa kukiandika upande wowote.