Kufufua roboti ya shule: umeme kwanza, programu baadaye

Roboti iliyokufa na kusahaulika kabatini hufundisha uhandisi kuliko seti mpya. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020 unadai miradi, na huu unafaa S.3 (mwaka wa tatu wa sekondari). Roboti moja, wanafunzi wanne. Wakizidi, wengine watabaki watazamaji.

Kabla ya kushika bisibisi, pigeni picha kila upande, mchore kila waya unatoka wapi na unaingia wapi. Skrubu ziwekeni kwenye trei ya mayai, kila shimo sehemu yake.

Tuchukue ile ya kawaida: bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayobeba programu), kiendesha-mota L298N (bodi inayopeleka umeme wa betri kwenye mota), mota mbili za njano za volti 3 hadi 6 na sensa ya umbali HC-SR04, inayopima kwa mwangwi wa sauti.

Ugonjwa mara nyingi ni umeme. Betri ya mraba ya volti 9 hudanganya: multimita (kipima-umeme) inasoma 9, lakini mota zikianza kuvuta, volti zinaporomoka na bodi inajizima na kuwaka tena. Seli nne za AA nazo mara nyingi hazitoshi, kwani L298N yenyewe hula karibu volti 2. Wekeni seli mbili za 18650 (za lithiamu, za kuchajiwa) kwa mfululizo (volti 7.4, zikijaa, 8.4). Zile za kutoka laptopu kuukuu zipimeni kwanza. Iliyoshuka chini ya volti 2.5 isichajiwe kabisa, inaweza kuwaka moto.

Kisha jaribuni kila mota peke yake kwa seli mbili za AA. Ikinguruma bila kuzunguka, fungueni gia mtafute uzi au jino lililovunjika. Ikinyamaza, huenda waya umekatikia kwenye kibati cha mota unapoungwa. Lehemuni upya, sekunde 3 tu, la sivyo plastiki inayeyuka na kibati kinang'oka.

Mota isiunganishwe kamwe kwenye pini ya Arduino: pini inamudu miliampea 20, mota inayoanza huvuta mamia. Na hasi ya betri, ya L298N na ya Arduino lazima zikutane, vinginevyo mota hazitaelewa amri.

Sasa programu. Sensa: mikrosekunde za sauti kwenda na kurudi gawanya kwa 58 ni sentimita, ukuta ulio sentimita 50 usomeke karibu mikrosekunde 2,900. Pazia humeza sauti, msipimie hapo. Mota zote zianze na kasi 150 kati ya 255. Choreni mstari wa chaki wa mita 2. Roboti ikipinda kulia, punguzeni kasi ya kushoto kwa 5, mjaribu tena.