Kusafisha breki za bagi ya rimoti
Breki ya bagi ya rimoti yenye injini (gari dogo la mchezo linaloongozwa kwa rimoti) ikianza kuteleza, usikimbilie kukaza skrubu ya marekebisho, kwani mara nyingi mafuta ya injini au ya difu ya kati (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) yamefika kwenye diski na pedi. Fungua pedi, uzifute pamoja na diski kwa spiriti na kitambaa safi, kisha, ikiwa uso wa pedi unang'aa kama kioo, uusugue kidogo kwa msasa laini uliolazwa juu ya kitu bapa. Pedi iliyolowa mafuta hadi ndani, kwa maoni yangu, ni afadhali ibadilishwe. Ukisharudisha vyote, hakikisha kwamba diski inazunguka bila kukwaruzwa breki inapoachiliwa. Mafuta yakirejea upesi, kagua sili za difu, yaani vizuizi vya kuzuia mafuta yasivuje.